SOMO: Kuonja na kupima sigaa nyeusi nzito bila kudanganywa na rangi yake

Wakuu, salaam. Somo hili naliandika mara moja, mtu akiniuliza tena nimpe kiungo tu. Maswali ni yale yale mawili: "Hii nyeusi ni kali kiasi gani?" na "Mbona yangu imekuwa chungu?" Majibu yote yako humu. Ninaposema sigaa nina maana ya ile nene iliyosokotwa kwa majani matupu, wengine wanaiita biri.

Tuelewane kabla ya hatua yoyote: weusi si ukali. Jani la nje huwa jeusi kwa sababu ya aina ya mmea, jua lililolipiga na, kubwa kuliko yote, uchachushaji. Majani hulundikwa, lundo likapata joto lenyewe kutoka ndani, likabomolewa na kupangwa upya, kazi ya miezi. Amonia inatoka, makali yanalainika, rangi inakolea. Ndiyo maana maduro nyingi, yaani sigaa zenye jani la nje jeusi lililochachushwa sana, zina utamu wa kakao na kahawa. Ukali, yaani nikotini, unatoka hasa kwenye majani ya ndani, zaidi yale yanayoitwa ligero, ya sehemu ya juu ya mmea, manene na yaliyokula jua jingi. Kuna sigaa nyeusi tii iliyo mpole, na kuna ya kahawia nyepesi itakayokutoa jasho.

Kwa hiyo kwenye daftari tenganisha vitu vitatu. Ukali ni kile mwili unachohisi. Uzito ni namna moshi unavyojaa mdomoni. Ladha ni ladha. Anayevichanganya hivyo vitatu hajapima kitu.

1. Kula kwanza. Tumbo tupu na ligero haviendani.

2. Ficha pete, ule utepe wa karatasi wenye jina la sigaa. Usiibandue, mara nyingi gundi inashika jani la nje na utalichana. Zungushia kipande cha karatasi. Vizuri zaidi mwenzako aandae sigaa tatu, azipe namba, asikuambie ipi ni ipi. Jarida la Cigar Aficionado la Marekani, lililoanza mwaka 1992, nalo huwapa waonjaji wake sigaa zisizo na jina, kwa sababu jina hutia ladha mdomoni kabla ya moshi.

3. Tazama, kisha bonyeza. Majani ya nje kama broadleaf (jani pana) ya Connecticut, Marekani, na la San Andrés kule Meksiko yana ngozi ngumu, mishipa inayoonekana na madoa meusi zaidi hapa na pale. Hayo si makosa, usikate alama. Pitisha vidole taratibu kutoka kichwani (upande wa mdomo) hadi mguuni (upande unaowashwa). Panapobonyea ghafla majani ni machache, hapo itaungua haraka na kwa moto. Penye fundo gumu moshi utakwama.

4. Kata kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa, milimita 2 tu. Ukivuka mstari ambapo kofia inaishia, jani la nje litaanza kufunguka.

5. Vuta kabla ya kuwasha. Hewa ipite kama unavyonyonya kinywaji kwa mrija: kwa ukinzani mdogo, bila kupambana. Andika unachopata. Zabibu kavu, kakao, udongo, hata harufu ya zizi, vyote ni vya kawaida kwa nyeusi. Harufu kali ya amonia si ya kawaida. Jani hilo halijatulia. Irudishe kwenye sanduku la kuhifadhia lenye unyevu, wiki kadhaa.

6. Washa kwa gesi au njiti. Kiberiti cha petroli kinaacha harufu. Njiti nayo, subiri kichwa chake kiishe kuungua. Moto usiguse tumbaku: uweke chini kidogo ya mguu, zungusha hadi ukingo wote uwe mwekundu.

7. Kasi. Hapa ndipo walio wengi huharibu, nami mwanzoni nimo, kisha lawama inabebeshwa sigaa. Jani jeusi ni nene na lina mafuta, ligero iliyo katikati inaungua polepole, kwa hiyo moshi wa mwanzo unaweza kuwa mchache. Mtu anaona haishiki, anavuta kwa nguvu, mara tatu mfululizo. Joto linapanda na kile kitamu chote kinageuka lami na majivu ulimini. Likishapanda hivyo halishuki kwa sekunde kumi, na uchungu utaufuata hadi mwisho. Vuta mara moja kwa dakika, mvuto mfupi, moshi ukae mdomoni, utoe. Ipumzishe. Shika mwili wake sentimita mbili nyuma ya moto: uvuguvugu ni sawa, ukihisi joto la kukusumbua vidole, iweke chini. Tahadhari nyingine: ikianza kuungua upande mmoja usiivutie kwa nguvu ili inyooke, gusa upande uliobaki nyuma kwa moto mdogo. Na kama ladha imeshachacha, puliza nje taratibu kupitia sigaa, moshi mzito utoke, kisha isubiri. Usitoe hukumu yoyote ndani ya dakika tano baada ya hapo.

8. Puani. Moshi usimezwe. Ukiwa bado mdomoni, toa sehemu ndogo kupitia pua, robo hivi, nyingine itoke mdomoni. Pilipili manga, mwerezi, ngozi, mdalasini: vingi vinajitokeza hapo. Ukitoa wote puani kwenye sigaa nzito utalia machozi na pua itakufa ganzi, halafu huonji tena.

9. Gawa theluthi tatu. Hapa ndipo sigaa changamano inajulikana. Ya kwanza mara nyingi ni pilipili na udongo. Ya pili inapaswa kufunguka: utamu upande, kitu kipya kije, cha zamani kirudi nyuma kisipotee. Ya tatu inakolea na kupata joto. Andika kila theluthi ukiwa unavuta, si baadaye. Sigaa yenye ladha nzito isiyobadilika toka mwanzo hadi mwisho ni nzito tu, usiiite changamano.

10. Alama. Mimi nagawa 100 hivi: ladha 35, ujenzi na kuungua 25, mabadiliko 20, uwiano 20. Ukali haupati hata moja. Uwiano nauangalia hivi: utamu, uchungu na pilipili vyote vipo, je, kuna kimoja kinachofunika vingine? Kisha subiri dakika kumi na maji matupu, usikilize kinachobaki ulimini. Kakao ikibaki, ongeza. Likibaki jivu, punguza bila huruma.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

---

Mgeni_Mpya: Mkuu ni ndefu sana sijamaliza, kwa kifupi ipi ndiyo kali kuliko zote?

Mwandishi: Aya ya pili.

Chuma Moto: Nimefuata somo lako na bado imekuwa chungu. Ilikuwa robusto, nimeimaliza dakika 25. Nadhani somo lina kasoro.

Mwandishi: Robusto ina urefu wa milimita 127 hivi na unene wa 50 (hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi), yaani karibu milimita 20. Hiyo ni kazi ya dakika 45 hadi saa nzima. Dakika 25 maana yake hatua ya 7 hukuifuata. Rudia nyingine ya aina ile ile ukiwa na saa mkononi, ukikuta bado chungu njoo tuzungumze.

Chuma Moto: Sawa, lakini wengine tunavuta haraka kwa kawaida.

Mwandishi: Vuta upendavyo, ila usiandike kwamba sigaa ni mbaya.

Dada Mwerezi: Asante kwa somo. Shuleni tulionyeshwa picha ya ulimi, utamu nchani, uchungu nyuma. Je, moshi niuelekeze sehemu fulani ili nipate utamu wa maduro?

Mwandishi: Swali zuri dada, limewapoteza wengi. Picha ile si sahihi. Ilitokana na utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901 uliosomwa vibaya baadaye. Utamu, uchungu, chumvi, uchachu na umami (ladha kama ya mchuzi wa nyama) vinahisiwa karibu ulimi wote, tofauti za sehemu ni ndogo mno. Usielekeze popote, zungusha moshi mdomo mzima. Kisha fanya jaribio hili: bana pua, vuta, kaa na moshi. Utapata uchungu na utamu kidogo, basi. Achia pua huku ukitoa pumzi taratibu. Kakao, kahawa, ngozi vitatokea mara moja, kwa sababu hivyo ni harufu zinazopanda nyuma ya koo kwenda puani. Ukilifanya hilo kila theluthi utaandika vizuri kuliko wengi humu. Jizoeze pia bila tumbaku: weka kakao, kahawa, pilipili manga, mdalasini na kipande cha ngozi kwenye vikopo, nusa ukiwa umefumba macho, taja.

Dada Mwerezi: Nimefanya ile ya kubana pua kwa unga wa kakao. Nimeshangaa! Ulimini ulikuwa uchungu mtupu, nilipoachia pua ndiyo ikawa kakao.

Mwandishi: Umeshaelewa. Sasa jaribu pilipili manga. Ule muwasho utaupata hata pua ikiwa imebanwa, maana huo si harufu. Ndiyo sababu kwenye daftari naandika "pilipili ya ulimi" na "pilipili ya pua" mistari tofauti.

Kaka Jivu: Mimi nameza moshi, napata ladha zaidi.

Mwandishi: Hupati. Kooni na mapafuni hakuna ladha unayoongeza, unaongeza nikotini na sumu. Moshi wa sigaa unaingiza nikotini hata kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Na tusidanganyane: hata usipomeza, saratani ya mdomo, koo na umio ipo pale pale. Sigaa kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara za kawaida. Ndiyo maana mimi napima moja kwa kikao. Ukihisi jasho jembamba, kichefuchefu na kizunguzungu, izime, kaa, kunywa kitu chenye sukari. Ukitapika bila kukoma, nenda hospitali.

Fundi Lundo: Mkuu, kuna nyeusi zinazopakwa rangi. Mimi nafuta kwa karatasi nyeupe yenye maji, ikitoka rangi naitupa.

Mwandishi: Kwa nusu nakubaliana nawe. Maduro halisi nayo inaweza kuacha kahawia kidogo, ni mafuta na sukari ya jani. Mimi natazama zaidi rangi ilivyokaa: nyeusi moja kote, mishipa imefunikwa, hakuna doa wala kivuli, midomo inabaki myeusi. Hapo ndipo karatasi inathibitisha.

Fundi Lundo: Na unyevu? Wanasema 70 kwa mia.

Mwandishi: Kati ya 65 na 70 sigaa haiharibiki. Kwa nyeusi nene mimi nashikilia 65, zinaungua vizuri zaidi. Joto lisipande kupita nyuzi 21 hivi. Likifika 24 na kuzidi mayai ya mdudu wa tumbaku yanaanguliwa, utaona matundu madogo ya duara kwenye jani. Ukiyaona, zote kwenye mfuko usiopitisha hewa, friza siku tatu, kisha friji ya kawaida siku moja, ndipo sandukuni. Ukizitoa friza moja kwa moja kwenye joto, jani la nje linapasuka.

Mgeni_Mpya: Yangu imezimika katikati. Naweza kuimalizia kesho na kuipa alama?

Mwandishi: Ikizimika na bado ina joto, gonga jivu, puliza nje mara moja, washa upya, endelea. Ikilala usiku, itupe. Alama hapana, na kwenye daftari andika ilizimika theluthi ipi.