Namna ya kuifikisha kura yako kwenye bajeti ya gombolola

Kura hubadilisha sera, na Uganda tumeliona hilo zaidi ya mara moja. Elimu ya msingi bila karo iliahidiwa kwenye kampeni za urais za 1996. Mpango huo, unaoitwa UPE, ulipoanza Januari 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Machi 2001, mwezi uleule wa uchaguzi wa urais, ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya afya vya serikali. Kodi ya kichwa, iliyowafanya wanaume wajifiche vichakani wakusanyaji walipopita, ilisimamishwa 2005, wakati nchi ikielekea uchaguzi wa Februari 2006.

Ahadi hizo zilitimia kwa sababu kila mwananchi aliweza kuzipima: karo imefutwa au haijafutwa. Kilichobaki nyuma ni kile ambacho wapiga kura hawakukidai kwa jina, yaani idadi ya walimu, madarasa, dawa kwenye kabati la zahanati. Kwa hiyo dai lako liwe dogo, lipimike, na limfikie mwenye mamlaka nalo.

Jua karatasi ipi ya kura inabeba nini. LC ni kifupi cha Local Council, yaani halmashauri ya serikali za mitaa, kuanzia LC1 ya kijiji hadi LC5 ya wilaya. Rais na wabunge hushika kodi za taifa, barabara kuu na sheria. LC5, yaani wilaya, hushika shule za msingi, vituo vya afya, barabara za wilaya na maji ya vijijini. Tume ya Utumishi ya Wilaya ndiyo huajiri walimu na wauguzi. LC3, yaani gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, hushika njia zinazounganisha vijiji na mambo mengi ya karibu na nyumbani. Mfanyabiashara wa Busia anayelalamikia kodi ya mafuta amwendee mbunge. Anayelalamikia choo cha soko amtafute kansala (diwani) wake, maana mbunge hana bajeti ya choo hicho.

Kosa kubwa tunaloliona ni watu kupiga kura ya rais na wabunge kisha kubaki nyumbani siku ya LC5 na LC3, ambazo hupigwa siku nyingine. Kiti cha kansala kinaweza kuamuliwa na watu wasiojaza basi moja. Na pesa zipo: kisheria gombolola ya kijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, asilimia 35 hupelekwa wilayani, na robo ya ile 65 hurudi vijijini kupitia LC1. Uliza ni lini kijiji chako kilisomewa hesabu hiyo.

Hakikisha jina lako mapema. Kuwa na kitambulisho cha taifa pekee hakutoshi. Unapiga kura kwenye kituo ulikoandikishwa tu, hivyo aliyehama kutoka Arua kwenda Kampala bila kuhamisha jina lake ataikosa kura akiwa na kitambulisho mkononi. Kuhamisha hufanyika wakati Tume ya Uchaguzi inapoboresha daftari, miezi mingi kabla ya uchaguzi. Daftari likibandikwa hadharani, nenda ukasome mwenyewe: herufi za jina, kijiji, kituo. Vituo vikubwa hugawanywa kwa herufi za majina, na wengi hupoteza saa nzima kwenye mstari usio wao.

Siku yenyewe. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Saa 10 ikikukuta kwenye mstari, usiondoke. Una haki ya kupiga kura. Mwaka 2021 kura za urais zilizoharibika zilizidi 390,000, na nyingi za namna hiyo huepukika. Weka tiki au dole gumba ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Dole lililojaa wino ni hatari: ukikunja karatasi ikiwa mbichi, doa linahamia kwenye kisanduku cha mgombea mwingine, na anayehesabu haoni tena ulimtaka nani. Acha ikauke kwanza. Usiandike jina wala sahihi. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza sandukuni, mrudishie msimamizi na uombe nyingine.

Kura huhesabiwa palepale kituoni, hadharani. Baki usikilize, uandike idadi ya kila mgombea kabla mawakala wa wagombea hawajaondoka na nakala zao za fomu ya matokeo.

Kisha fuata kalenda. Hapa ndipo kura nyingi hufia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wilaya hufanya mikutano ya bajeti karibu Oktoba na Novemba, mwelekeo wa bajeti ya taifa hufika Bungeni kufikia Desemba 31, makadirio Aprili 1, na Bunge hupitisha kufikia Mei 31. Ombi la kisima linaloletwa Juni limechelewa mwaka mzima. Wabunge wanaochaguliwa Januari huapishwa Mei, wakati bajeti imeshapikwa na waliotangulia. Kwa waliochaguliwa 2026, bajeti ya kwanza ya mikono yao ni ya 2027/28, na mazungumzo yake ni ya Oktoba 2026. Usisubiri wakukumbuke.

Peleka ombi kwa maandishi, moja tu: mahali, kiasi, idadi ya kaya. "Kisima cha kijiji fulani kimekufa, kaya 80 zinachota mtoni" lina nguvu kuliko "tunaomba maendeleo". Jua pia kwamba pesa nyingi za wilaya hutoka serikali kuu zikiwa na masharti. Kansala hawezi kuchukua mishahara ya walimu akajenge daraja. Nafasi yake iko kwenye mapato ya ndani na ile ruzuku ya maendeleo inayoachiwa halmashauri kuamua. Muulize kuhusu hizo mbili kwa majina. Akijibu kwamba hakuna pesa, mwombe akuonyeshe mgao wa robo ya mwaka uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa gombolola. Kama ubao ni mtupu, hilo ndilo ombi lako la kwanza, na limwendee mtendaji mkuu wa gombolola kwa barua yenye sahihi za wanakijiji na nakala kwa mwenyekiti wa LC3.