Kuamsha Bantam ya babu: usikimbilie kiki

Kijana mmoja wa Kibosho, kule milimani juu ya mji wa Moshi, aliniletea bandani kwangu, Majengo, pikipiki aliyoikuta nyuma ya magunia ya kahawa ya babu yake. BSA Bantam, tenki limejaa kinyesi cha kuku. "Shikamoo fundi. Hili dude la Mwingereza litawaka kweli?"

Marahaba. Litawaka, ila Mwingereza alililea tu, hakulizaa. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125 ya mwaka 1939, kazi ya Hermann Weber kwenye kiwanda cha Zschopau, Ujerumani. Vita ya pili ya dunia ilipoisha michoro ilichukuliwa kama fidia, BSA wakaigeuza kama sura kwenye kioo, ndiyo maana kiki na gia ya Bantam viko kulia. Ndani ni yule yule: silinda moja, cc 123 kwa Bantam za kwanza, haina valvu hata moja. Ni tustroki, injini ya mipigo miwili, na oili yake huchanganywa na petroli. Ukilijua hilo hutahangaika kutafuta oili ya injini iko wapi.

Kwanza fungua plagi, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, uiache ilale. Asubuhi tia gia ya tatu, sukuma pikipiki taratibu mbele na nyuma. Pistoni ikitembea, endelea. Ikikataa, ongeza oili usubiri tena. Ukipiga kiki kwa hasira utavunja ringi, na ringi hizo hapa Moshi hazining'inii dukani.

Tenki lioshe kwa dizeli na kipande cha mnyororo wa zamani, utikise mpaka mkono uchoke. Kabureta ni kazi ndogo: fungua, safisha, puliza. Pointi, vile vidude vya kukata umeme wa plagi, zisugue kwa msasa laini, uache mwanya wa milimita 0.4 hivi.

Sasa sili, ile mipira ya kuziba, na hapa mimi mwenyewe nilishaumbuka. Tustroki huvuta mchanganyiko kupitia chini, kwenye nyumba ya kranki, kabla ya kuupandisha juu. Sili za kranki zikikauka, injini inavuta hewa ya wizi, isiyopitia kabureta. Nilifungua kabureta ya Bantam moja mara tatu, mteja ananiangalia, kumbe ubovu uko kwenye mpira wa shilingi chache. Moshi mwingi usioisha nao una maana yake: sili ya upande wa gia imekufa, injini inakunywa oili ya giaboksi. Zibadilishe sili zote, usibahatishe.

Petroli changanya 20 kwa 1: kwa lita tano, nusu ya chupa ndogo ya maji ya nusu lita iwe oili ya tustroki. Changanya kwenye galoni, si ndani ya tenki.

Injini hii isiyo na valvu ina vyuma vichache, na uchache huo ndio uliowatajirisha DKW wa Zschopau. Mwanzilishi wao, Jørgen Rasmussen, mtu wa Denmark, alianzia kwenye kiwanda cha nguo kilichoachwa. Wakati wa vita ya kwanza alijaribu gari la mvuke, na herufi DKW zinatoka huko: Dampfkraftwagen, yaani gari la mvuke kwa Kijerumani. Gari lenyewe halikufika popote. Akahamia kwenye kainjini kadogo ka tustroki, kwanza ka kuchezea watoto, kisha ka kufungwa kwenye baiskeli. Tangazo lao lilidai muujiza huo mdogo unapanda mlima kama wengine wanavyoshuka. Watu wa Kibosho wangelipenda. Kufika 1928 hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza pikipiki nyingi kuwashinda. Na zile pete nne za Audi unazoziona barabarani? Ni za muungano wa 1932. Moja ni ya DKW.

Haya, piga kiki. Ya kijana iliwaka mara ya saba, ikatapika moshi mweupe mpaka mama wa ndizi akahamisha meza.

Bado kuna mteremko. Ukitoka Kibosho kuja mjini, usifunge mafuta ukaiachia gia ikushike njia nzima. Oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga petroli umefunga na oili huku pistoni inakimbia kavu. DKW walilijua hili, magari yao wakayawekea kifaa cha kuachia magurudumu yazunguke bila kuburuta injini. Wewe huna. Basi kila baada ya muda kidogo kamata klachi, ipe mafuta kidogo, iachie, uendelee kushuka.