Jinsi ya Kuzitazama Filamu za Vittorio De Sica

Vittorio De Sica (1901–1974) wa Italia alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa filamu, lakini watazamaji wengi humfahamu kwa upande mmoja tu. Anayetaka kuielewa kazi yake na atazame pande zote mbili, kwa sababu uongozaji wake ulitokana na uigizaji: alikuwa na mazoea ya kuwaigizia waigizaji wake matendo waliyotakiwa kuyafanya.

Tafuta nakala zenye sauti ya Kiitaliano na maandishi ya tafsiri chini, kisha uanze na Ladri di biciclette ya 1948. Baba anayeibiwa baiskeli aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Usiwe na haraka ya kuufikia wizi wenyewe, bali tulia kwenye duka la rehani, ambako mkewe anaweka mashuka ya kitandani ili waikomboe baiskeli. Karani anabeba furushi lao na kupanda nalo rafu ndefu zinazokaribia dari, na rafu hizo zimesheheni mafurushi ya watu wengine. Pasipo neno lolote, tunaiona shida ya Roma nzima baada ya vita.

Fuata na Umberto D. ya 1952, ambayo mimi naiweka juu ya zote. Mzee mstaafu anayedaiwa kodi ya chumba aliigizwa na Carlo Battisti, profesa wa isimu. Anajaribu kuomba barabarani: ananyoosha mkono, lakini mpita njia anapotaka kumpa pesa, anakigeuza kiganja upesi kana kwamba anapima iwapo mvua inanyesha. Rudia kuitazama sehemu hiyo. Battisti hakuwa mwigizaji wa kazi, nami naamini kwamba aibu ile iliyomo mkononi ni ya De Sica mwenyewe.

Baada ya hapo, rudi kwenye Gli uomini, che mascalzoni! ya 1932, iliyoongozwa na Mario Camerini, umwone De Sica akiwa kijana dereva anayeimba na kupendwa na watu. Vichekesho kama Pane, amore e fantasia ya 1953 visidharauliwe, kwani Umberto D. haikuingiza fedha na uigizaji ulimsaidia kuendelea kuongoza. Ila usikose Il generale Della Rovere ya 1959, ya Roberto Rossellini, ambamo De Sica ni tapeli anayelazimishwa na Wajerumani kujifanya jenerali gerezani, na taratibu heshima ya jina lile inamwingia hadi anakubali kufa nalo.

Ukishamwona hapo, utazame La ciociara ya 1960, aliyoiongoza mwenyewe na iliyompatia Sophia Loren tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kisha Il giardino dei Finzi Contini ya 1970. Filamu nyingine nyepesi za miaka ya 1960 zinaweza kusubiri.