Kishonanguo: namna ya kuchuma, kukausha na kutengeneza chai yake

Kishonanguo (Bidens pilosa) ni lile gugu la mbegu nyeusi, nyembamba, zinazong'ang'ania nguo. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kwenye ncha, yenye vijino vilivyoelekea nyuma. Ndiyo maana huingia kitambaani kirahisi na kutoka kwa taabu. Majani yake yana flavonoidi kama kwasetini, pamoja na asidi ya klorojeni. Kemikali hizi ni antioksidanti, yaani hukinga seli zisiharibiwe na oksidisheni, nazo huharibika upesi majani yakishikwa vibaya.

Chuma machipukizi na majani machanga kabla mmea haujachanua, umande ukishakauka. Lakini mahali unapochuma ni muhimu kuliko saa. Kishonanguo hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, ardhini na kuilimbikiza mwilini mwake, na huwezi kuiosha ikatoka. Epuka kando ya barabara kubwa, majalala, viwanda na mashamba yaliyopuliziwa dawa.

Suuza majani haraka, yakung'ute, uyaanike papo hapo yakiwa mazima. Usiyakatekate. Jani likichubuka, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na fenoli (kundi la kemikali zenye zile antioksidanti), na pale palipochubuka hugeuka kahawia, kama tofaa lililokatwa. Kahawia hiyo ni fenoli zilizokwisha kuoksidika, hazirudi. Tandaza tabaka moja kivulini penye upepo na ugeuze mara mbili kwa siku. Hali ya hewa ikiwa kavu, siku 3 hadi 6 hutosha. Pima kwa kikonyo, si kwa jani, kwani kikonyo hukauka mwisho: kikivunjika kwa mlio, tayari, kikipinda, bado, na ukikifungia chupani kitaota ukungu. Weka kwenye chupa kavu iliyofungwa vizuri, gizani, na utumie ndani ya miezi 6.

Kwa kikombe kimoja, tia gramu 2 za majani makavu kwenye mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 10, chuja. Ukiyaacha zaidi, tanini, yaani kemikali zenye ukakasi, huzidi na chai huwa chungu. Usitie magadi ili kulinda ukijani: rangi itapendeza, lakini fenoli huharibika haraka kwenye alkali. Kunywa siku hiyohiyo, mbali na mlo, maana tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kuhusu kama chai hii hupunguza uvimbe mwilini, dondoo za mmea huu zimepunguza, kwenye seli za maabara, kimeng'enya COX-2 na prostaglandini, kemikali za uvimbe ambazo kimeng'enya hicho husaidia kutengeneza. Dondoo hizo ni kali kuliko chai, na ushahidi kwa binadamu ni haba, hivyo usiiache dawa uliyoandikiwa. Anayetumia dawa za kisukari au presha amwulize daktari kwanza, kwa kuwa mmea huu unaweza kushusha sukari na presha zaidi ya inavyotakiwa. Wajawazito wasiutumie. Mwenye aleji ya mimea ya jamii ya alizeti naye auepuke. Midomo ikiwasha au vipele vikitokea, aache mara moja, na pumzi ikibana akimbizwe hospitali.