Stenlesi ya Jikoni na ya Kiwandani: Anza na Kile Kitakachoigusa

Nachomelea stenlesi Katwe, hapa Kampala, mwaka wa kumi na nne sasa. Karakanani tunaongea Kiswahili kwa sababu tumetoka kila upande: mimi Arua, mwenzangu Kasese, vijana wawili Busia. Mteja akifika huuliza bei, kisha huuliza kama itang'aa. Kabla sijajibu namuuliza: chuma hiki kitaguswa na nini kila siku? Maji matupu? Chumvi? Ndimu na nyanya? Dawa ya klorini? Nikishapata jibu hilo, namba ya aina ya chuma karibu inajitaja yenyewe.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromiamu. Ikifika angalau asilimia 10.5, hukutana na hewa ikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando ukikwaruzwa hujirudi. Kinachoushinda ni chumvi na klorini. Hizo hutoboa vishimo vidogo, na kwa ndani huwa vipana kuliko unavyoviona juu.

Sokoni utasikia aina nne, kila moja na namba yake. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Kwa meza, sinki na sufuria za hoteli, shule au hospitali, hiyo inatosha, na matangi mengi ya maziwa hutengenezwa kwa hiyo. 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi. 430 haina nikeli, kwa hiyo bei yake ni nafuu. Iweke ukutani nyuma ya jiko au kwenye rafu za vyombo vikavu, lakini usiifanye sinki. Ya nne ni 201. Wamepunguza nikeli, wakajazia manganizi.

Hiyo 201 ndiyo iliyoniumiza. Mama mmoja mwenye mkahawa aliagiza sinki mbili za 304, nami nikanunua shiti kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni 304. Zilitoka nzuri mno. Baada ya miezi mitano akanipigia: "Fundi, sinki zako zina madoa ya kahawia, nyabo (bibi) wa afya amekuja kukagua." Nilikwenda nikayaona, mengi kando ya tundu la maji, pale maji ya chumvi na dawa yanapotuama. Nilibadilisha sinki zote mbili kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo sinunui kwa neno la mdomo.

Watu watakwambia utumie sumaku. Tumia, lakini ujue inachoweza kukuambia. Ikishika kwa nguvu kwenye shiti bapa, huenda ni 430. Isiposhika, inaweza kuwa 304, 316 au 201, maana zote tatu haziitiki sumaku. Tena 304 iliyokunjwa huvuta kidogo pale kwenye kona, kwa hiyo usimshutumu muuzaji kwa kona peke yake. Cha kuaminika ni cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma. Kina namba ya myeyusho, nayo lazima ifanane na iliyochapwa kwenye shiti. Kuna pia dawa ya matone inayotumiwa pamoja na betri ndogo: kwenye 201 tone hugeuka jekundu kwa sababu ya manganizi. Mimi huweka tone kwenye kila shiti, hata muuzaji akinuna.

Unene nao huibiwa. Geji ni namba ya unene wa shiti: geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 16 kama 1.5. Shiti ya 304 ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 1.2 ina uzito wa kama kilo 28. Yenye milimita 1 ni kama kilo 24. Ukikosa kipimo cha unene, iweke kwenye mizani. Juu ya meza ya kukatia nyama mimi sishuki chini ya 1.2, na chini yake natia mhimili ili isilie kama ngoma. Rafu za juu, milimita 1 inatosha.

Viwandani hesabu inabadilika. Kwenye viwanda vya sangara kandokando ya Ziwa Victoria, sehemu zinazooshwa kwa klorini kila zamu nashauri 316, ingawa bei itakuuma. Lakini hata 316 ina mwisho wake. Mwenzangu wa Kasese anatoka karibu na ziwa la chumvi la Katwe, Katwe ile nyingine, na ananikumbusha kila mara kwamba maji mazito ya chumvi yakipata moto huitoboa nayo. Kwa kazi kama hiyo nampa mteja tangi la plastiki ngumu, ingawa kazi yangu ni chuma.

Sasa uchomeleaji, maana fundi anaweza kuharibu chuma kizuri kwa nusu saa. Ukiagiza kitu cha kuchomelewa sana, omba 304L au 316L. Hiyo L ina maana kaboni ni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03, hivyo kromiamu haifungwi na kaboni pale kando ya mshono. Muulize fundi kama anatumia mtungi wa arigoni, gesi inayokinga mshono na hewa, na kama waya wake wa kujazia mshono ni 308L kwa 304. Angalia jiwe lake la kusagia: kama lilisaga chuma cha kawaida asubuhi, litapanda chembe za kutu kwenye stenlesi yako mchana. Rangi ya buluu na kahawia inayobaki kando ya mshono iondolewe kwa dawa yake ya tindikali, kisha isuuzwe, kwa sababu chini ya rangi hiyo kromiamu imepungua. Pitisha kidole ndani ya kona za sinki: ziwe mviringo, mshono umejaa, pasiwe na ufa wa kuficha posho (ugali) iliyochacha.

Sinki au meza ikishafika jikoni kwako, usiisugue kwa waya wa chuma. Tumia sifongo na sabuni, ukifuata mistari ya mng'aro. Dawa ya klorini ukilazimika kuitumia, ichanganye na maji mengi, iache dakika zilizoandikwa kwenye chupa tu, kisha suuza na ufute hadi kwenye tundu la maji. Usiiache ikakaukia humo usiku.