Faili kumi tu: namna ya kumshika kijana anayelala nje Malindi

Kwanza tuelewane, kumfuatilia kijana mmoja mmoja anayelala nje mpaka asimame si kazi ya kugawa mkate na chai jioni kisha kila mtu ashike njia yake. Hiyo ni nzuri, watu wafanye, lakini kijana analala nje, anatumia unga (heroini), na juu ya hayo anasikia sauti, huyo anataka mtu mmoja anayejua jana alilala wapi na leo kama amefika kliniki ama hajafika. Ndo maana nasema faili kumi, yaani vijana kumi kwa mfanyakazi mmoja. Wale walioanza mambo haya kule Madison, Wisconsin, miaka ya 70, walienda na hesabu ya mfanyakazi mmoja kwa wagonjwa kama kumi. Mimi nilijifanya mjanja nikabeba 25, nikaishia kuandika ripoti za watu ambao hata sura zao sikuzikumbuka. Bosi akikuletea orodha ya 40 mwambie hapo hushiki kesi, unahesabu watu.

Kumpata sasa. Usiende maskani na makaratasi. Wiki mbili tatu za mwanzo pita tu, salimia, kaa, stendi, soko la zamani, ufukweni kwenye majengo yaliyoachwa. Mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, hana masikio, yuko mbioni kutafuta kete, na aliyevuta sasa hivi naye hayuko na wewe. Kuna saa katikati hapo ameshatulia na bado hajaanza kusumbuka, ukizoea utaijua, ndo saa ya mahamri na maongezi. Usimwite teja hata kama mwenyewe anajiita hivyo. Muulize anataka nini, na usishangae akikwambia anataka viatu, ama kidonda cha mguu kitibiwe, ama apige simu nyumbani. Anza na hilo hilo. Habari ya kuacha unga itakuja yenyewe, ukiianza wewe umejiharibia.

Wasichana ukiwatafuta hapo hapo utasema Malindi hawapo. Wapo, ila wengi wanalala kwenye chumba cha mwanamume fulani na malipo yake mnayajua. Wanataka mfanyakazi mwanamke, na mahali pa kukutana ambapo yule mwanamume hapiti. Aliye chini ya miaka 18 usimshike peke yako, mhusishe afisa wa watoto, na namba 116, simu ya kusaidia watoto, ni ya bure.

Makaratasi mapema, yanachukua muda. Kitambulisho kina mlolongo wake, cheti cha kuzaliwa, chifu, mzazi ambaye labda hawajaongea miaka, na bila kitambulisho hata SHA, bima ya afya ya serikali, inakuwa shida kumwandikisha. Nenda naye mwenyewe. Ukimtuma na barua atakaa foleni dakika kumi, askari amkazie macho, aondoke.

Sasa hapa ndo penye kazi. Kijana wetu ana shida mbili na kila shida ina mlango wake. Kuna mmoja namkumbuka sana, mahali fulani walimwambia aache unga kwanza ndo atibiwe akili, mahali pengine wakamwambia atulize akili kwanza ndo aingizwe kwenye methadoni, dawa inayopewa mtu badala ya unga. Alizunguka hivyo mara tatu, ya nne hakuja, na mimi nilikuwa ofisini nasubiri aniletee majibu. Tangu siku hiyo situmi mtu, naingia naye. Unaingia naye kwa daktari, unasema shida zote mbili mbele yake na kwa ruhusa yake, na huondoki mpaka tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye daftari lako pia.

Methadoni Malindi ipo tangu 2015, hospitali ya serikali, na dawa hailipiwi. Lakini inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na Idi zote, na mtu akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudia dozi yake ya zamani hivi hivi, lazima apimwe upya manake mwili umeshasahau. Hapo ndo wengi wanaangukia, siku tatu selo na mambo yameharibika. Kwa hiyo akishikwa, wewe ndo wa kukimbia kituoni na kliniki siku hiyo hiyo. Kingine ambacho watu hawasemi: dawa za TB, hasa rifampisini, zinaipunguza nguvu methadoni, na baadhi ya dawa za kifafa vile vile. Kijana anaanza TB, baada ya wiki moja arosto inamrudia, watu wanasema ana tamaa, kumbe dozi haimtoshi. Waambie kliniki. Na bugizi (vile vidonge vya usingizi vya mtaani) ama pombe juu ya methadoni, hapo pumzi inakatika, mwambie waziwazi bila mahubiri. Anayekunywa pombe kila siku ama anayemeza bugizi kila siku usimwambie aache ghafla, anaweza kupata degedege na akafa, huyo ni wa hospitali.

Upande wa akili, bangi na muguka zinaweza kuamsha sauti, ila usikae ukisubiri awe safi ndo umpeleke. Andika tu sauti zinakuja lini, zinaendelea hata siku ambazo hajatumia kitu? Daktari atakushukuru. Vidonge kwa mtu anayelala nje vinalowa, vinaibiwa, vinauzwa (Artane ndo inatembea sana mtaani), kwa hiyo ulizia ile sindano inayokaa wiki kadhaa mwilini. Na mwonye mapema kwamba baadhi ya dawa hizi zinaweza kumkaza shingo ama ulimi, ikitokea arudi hospitali siku ileile, kuna dawa yake. Usipomwambia atadhani amelogwa, na familia itasema hivyo hivyo.

Kuhusu familia, mama akisema ni jini usibishane naye. Kombe, yale maji ya dua, anywe na sindano achomwe, hivyo viwili havigombani. Kinachogombana ni kufungwa kamba na kunyimwa chakula, hapo usinyamaze, ongea na mzee wa mtaa. Ramadhani ongea na kliniki wiki kadhaa kabla kuhusu saa za dawa, na umtafute imamu mwenye busara amwambie mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Nyumba usiifanye zawadi ya kuacha unga. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza hivyo New York 1992, chumba kwanza mengine yafuate, na kwa akili ya kawaida tu, nani atakumbuka dawa wakati anakimbizana na mvua na askari? Sisi hatuna pesa za New York, tunatafuta chumba kimoja Maweni ama Kisumu Ndogo, kodi inaenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja kwa M-Pesa. Kiwe mahali anapoweza kutembea mpaka kliniki. Tuliwahi kumpangia mmoja Gede kwa sababu ni rahisi na kumetulia, tukasahau nauli ya kila asubuhi, mwezi haukuisha. Mwenye nyumba mpe namba yako, mwambie ukiona mambo nipigie mimi kabla hujamtupia vyombo nje. Atapiga, tena usiku, na utaenda.

Aliyetoka jela ama rehab ndo yuko hatarini zaidi, anarudia kipimo chake cha zamani na mwili hauwezi tena. Midomo ikibadilika rangi, hajibu, pumzi moja moja: piga kelele za msaada, mpulizie pumzi mdomoni, naloksoni (dawa inayozuia unga usikate pumzi) kama ipo, akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Naloksoni inaisha nguvu kabla ya unga kuisha mwilini, kwa hiyo hospitali lazima hata kama ameamka anakutukana. Na mtu akijaribu kujiua msimfiche kwa kuogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha kumshtaki kinakwenda kinyume na Katiba. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu na 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ziwe kwenye simu yako.

Miezi mitatu ya kwanza unamwona karibu kila siku, mitatu ya pili mara moja mbili kwa wiki, mitatu ya mwisho unawapisha wengine, nesi wa kliniki, dada yake, fundi aliyemchukua kazini. Losizoni, msimu ambao watalii ni wachache, ikiangukia hapo mwisho ongeza muda, hoteli zikifungwa vibarua vinakauka na utamkuta amerudi ufukweni. Akirudi usifunge faili, rudisha ratiba ya mwezi wa kwanza. Kila kijana ajulikane na wafanyakazi wawili, mmoja wao akiwa aliyewahi kulala nje ni bora zaidi, na mkae kila wiki mpitie majina yote kumi. Picha za vijana kwa ajili ya wafadhili, hapana.

Kabla ya kufunga faili mimi huenda naye kliniki mara ya mwisho nikakaa nje kwenye tuktuk. Akiingia na kutoka peke yake, na tarehe ya kurudi anaijua bila kuniuliza, ndo naandika.