Pampu ya mkononi kwa safari za changarawe kutoka Goma: mambo ya kuzingatia kabla

Pampu ijaribu nyumbani, kwenye baiskeli yako mwenyewe, kabla haijaingia mkobani. Toa upepo wote kwenye tairi la nyuma, kisha lijaze hadi kipimo unachoendeshea. Ukishindwa uani kwako, njiani kule Mugunga, magharibi mwa mji, kwenye jua la saa saba hutaweza.

Kitu cha kwanza ni ujazo. Matairi ya changarawe ni mapana, milimita 38 hadi 50, na hayataki upepo mwingi: bar 2 hadi 3 zinamtosha mtu wa uzito wa kawaida mwenye tyubu. Usishuke sana chini ya hapo, maana jiwe la volkano litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Kwa hiyo achana na pampu nyembamba iliyoandikwa psi 120 (kama bar 8). Hiyo ni ya baiskeli za mbio. Tafuta yenye mwili mnene. Piga hesabu: tairi la 700 kwa 40 lina nafasi ya karibu lita 2.6. Kulifikisha bar 2.5 ukiwa pwani kunahitaji lita 6.5 za hewa. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, takriban asilimia 85 ya ile ya pwani, basi lita zinapanda hadi 7.7 hivi. Pampu inayosukuma mililita 50 kila mara itakudai zaidi ya mara 150, na mkono ukichoka hata zaidi. Idadi iliyoandikwa kwenye boksi iongeze kama sehemu moja ya tano.

Pampu za betri ni tamu, lakini zinataka chaji, na umeme wa Goma unaujua. Nyingi pia hupata moto kichwani, zikahitaji kupumzika kati ya tairi na tairi. Beba kama nyongeza, ya mkono isibaki nyumbani. Mitungi midogo ya gesi ya gramu 16 hujaza tairi moja, mara moja, basi.

Valvu: hakikisha pampu inashika aina uliyo nayo, nyembamba ya Presta au nene ya Schrader kama ya pikipiki. Wenye Presta wabebe adapta ndogo ya shaba. Haina uzito, na ukiwa nayo, kwado (fundi wa matairi) yeyote wa kando ya barabara anaweza kukujazia kwa kompresa yake. Mwambie asukume kidogo kidogo, kwa sababu kompresa hiyo imezoea matairi ya magari.

Sasa hili ndilo linaloumbua watu. Pampu nyingi nzuri zina mrija mfupi unaofungwa kwenye valvu kwa kuzungusha. Mrija ni bora kuliko kichwa kinachokaa moja kwa moja juu ya valvu, kwani pampu ikiyumba hukunja pini ya Presta au kuchana tyubu pale valvu inapoota. Lakini tazama ncha ya valvu yako: ikiwa ina pande mbili bapa, kiini chake, kile kipande cha ndani kinachozuia upepo, kinatoka. Na kiini kilichokazwa kwa vidole tu kinaushika mrija kuliko kinavyolishika shina lake. Umesukuma mara mia mbili, jasho linadondoka kidevuni, geji inasoma 2.4. Unazungusha mrija kuutoa, unafunguka vizuri kabisa, kumbe kinachofunguka ni kiini. Pfuu! Tairi chini. Ukichungulia ndani ya mrija unakikuta kimekaa humo. Unakirudisha, unaanza upya, na kinatoka tena, maana hujabadilisha chochote. Kwa tyubulesi, tairi lisilo na tyubu, ni balaa zaidi: upepo ukikatika ghafla ukingo wa tairi unaweza kuachia rimu, na pampu ya mkono haina kasi ya kuurudisha. Maji ya kuziba yote barabarani.

Dawa yake ni ya dakika mbili nyumbani. Kaza kila kiini kwa ufunguo wake mdogo au koleo nyembamba: kikigota, ongeza kidogo tu, kwa sababu shaba ni laini na uzi wake huliwa. Kisha, tairi likiwa limejaa, funga mrija na uufungue mara tatu. Kama kiini bado kinafuata, nunua kichwa cha kusukuma chenye mkono wa kubana. Na mrija wenyewe ufunge kwa vidole tu, taratibu; mrija wenye kitufe cha kutoa upepo, kibonyeze kabla ya kuufungua.

Kuibeba: kishikio cha plastiki kando ya chupa hakitoshi. Mtikisiko wa mawe hukiachia kidogo kidogo, na hutasikia pampu ikianguka. Omba kwa kwado kipande cha tyubu kuukuu ya pikipiki, kata mikanda miwili, funga juu na chini. Afadhali zaidi ni mkobani, ndani ya soksi, kwa sababu vumbi jeusi la huku ni kali na hula mpira wa pistoni. Usiilaze chini ya vyuma vizito. Bomba likibonyea pistoni haipiti. Mfuko wa mgongoni nao hapana, ukianguka itakuumiza uti. Mpira wa pistoni ukikauka, paka mafuta ya silikoni, si oili ya injini. Pampu za zamani zenye pistoni ya ngozi ndizo zinazotaka oili.

Kabla ya kujaza, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utoe kijiwe kilichotoboa. Ukikiacha, tyubu mpya inafuata ile ya kwanza. Tairi likichanika ubavuni, pampu peke yake haikusaidii; beba kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani, tyubu mbili, na viraka.

Maji ya kutosha. Simu yenye chaji. Waulize vijana wa chukudu, zile skuta za mbao za mizigo, wanaoshuka na mizigo kutoka Kibumba hali ya njia ikoje leo, si wiki iliyopita, na wakikuambia rudi, rudi. Nyumbani wajue umeelekea Sake au Rutshuru, na saa ngapi waanze kupiga simu.